Jumamosi Aliyoificha Mwangi

Kila Ijumaa, jua lilipoanza kushuka nyuma ya maghorofa ya Thorncliffe Park, Mumbi alipita nyumba nzima akikusanya simu. Aliichukua ya mama jikoni, akaichomoa ya baba kwenye chaja, akavutana kidogo na kaka yake Mwangi, kisha zote akazitumbukiza katika sufuria kuukuu na kuifunika. Sufuria hiyo ilipandishwa juu ya kabati na kukaa huko hadi Jumamosi jioni, nyota zilipoonekana. Hiyo ndiyo iliyokuwa Sabato yao, na haikuwa jambo la kujadiliwa.

Walikuwa Wayahudi, Wakikuyu wa Nyandarua, Kenya. Watu wakiambiwa hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza kama ni mzaha. Cucu, yaani nyanya yao mzaa baba, ndiye aliyeishika dini hiyo kule nyumbani. Kibanda chake cha viazi alikifunga kila Jumamosi, siku ya soko, huku majirani wakimwita kichaa. Mwanawe, baba yao, alipohamia Toronto alipata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, upande wa Malton, na kila wiki aliitoa zamu yake ya Jumamosi na kuchukua zamu ambayo mwingine ameikimbia.

Mwaka huo nyumba nzima ilizungumzia jambo moja tu: chuo. Mwangi alikuwa anamaliza shule ya sekondari na alitaka kusomea ufundi wa ndege. Mama alipendelea chuo kikuu cha katikati ya jiji, kwa sababu kilikuwa na nyumba ya wanafunzi Wayahudi, ambako mwanawe angepata chakula cha dini yake na watu wa kuketi nao mezani Ijumaa. Baba hakuwa na chuo alichokitetea. Alikuwa na swali moja tu, na alilibeba kila chuo walichokwenda kukitazama.

“Mwanangu ni Myahudi,” alimwambia yeyote aliyesimama nyuma ya meza. “Mambo ya Jumamosi mnayapangaje?”

Mwangi alitamani ardhi immeze. Walipokitembelea chuo cha ufundi wa ndege, alimwacha baba kwenye gari na kwenda kuuliza maswali yake mwenyewe. Alirudi akisema wamemjibu vizuri sana. Kumbe hakuuliza lolote kuhusu Jumamosi.

Wiki chache baadaye chuo kilimwita kwa mahojiano na mtihani wa vitendo. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi.

Alhamisi mchana Mumbi alirudi kutoka shule na kumkuta kaka yake chumbani, simu sikioni, akiongea kwa sauti ya huzuni ambayo hakuwahi kuisikia. Alikuwa akimwambia mtu kwamba nyanya yake amefariki, kwamba familia iko kwenye msiba, na kama inawezekana mahojiano yasogezwe. Alishukuru mara nyingi, kisha akakata simu.

“Cucu amekufa?” Mumbi aliuliza.

“Punguza sauti! Cucu ni mzima kabisa. Nilihitaji sababu tu.”

“Ungesema ni Sabato.”

Mwangi alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. “Wewe hujui kitu. Shuleni hawajui kwamba mimi ni Myahudi. Nani atadhani, na ngozi hii? Basi wanawatukana Wayahudi mbele yangu, na mimi nacheka pamoja nao. Tukienda sinagogi, yule mzee wa mlangoni anatuuliza tumealikwa na nani, kila wiki, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kutuona. Wayahudi wenyewe hawaamini kwamba sisi ni wenzao, na wengine sitaki wajue. Nataka kwenda mahali nirekebishe ndege, basi.”

Hata Mumbi alimchukia yule mzee wa mlangoni. Akaahidi kunyamaza, ingawa alijua ameahidi jambo baya.

Mwangi hakujua kwamba Bi Cherotich, aliyepokea simu yake pale chuoni, alikuwa Mkenya. Aliliona jina la kijana, akaona mtaa anakoishi, na huruma ikamshika. Mkenya aliye ughaibuni akisikia mwenzake amefiwa hangoji kualikwa. Ijumaa alasiri aliandika katika kundi la simu la Wakenya wa jiji kwamba mama mzazi wa Baba Mwangi wa Thorncliffe ametutoka, tumkimbilie. Wakati habari inaruka kutoka simu hadi simu, simu za nyumba hiyo tayari zilikuwa ndani ya sufuria.

Mishumaa ilikuwa imewashwa na mama alikuwa anaweka mkate mezani mlango ulipogongwa. Mama Kinoti, aliyefanya kazi na mama katika nyumba ya kuwatunza wazee, aliingia na birika la chai ya maziwa. Nyuma yake walikuwa wengine wenye sufuria za githeri ya mahindi na maharagwe, chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na nyuso za msiba. Bi Masuma, jirani Mwislamu aliyezaliwa Mombasa, alisikia vishindo akatoka kwake na sinia la tende.

“Pole sana, Baba Mwangi,” Mama Kinoti alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. “Mama amepumzika.”

“Mama gani?”

Wageni walitazamana. “Mungu wangu,” mmoja alinong'ona. “Hawajaambiwa.”

Mama Kinoti alieleza kwamba habari imeenea katika kundi, kila mtu anatuma pole. Baba aliitazama sufuria iliyo juu ya kabati. Mumbi aliona jinsi alivyofikiri: ndugu zake wamempigia, wamemkosa, wakawaambia wengine. Aliketi taratibu na kuushika ukingo wa meza.

“Nikupigie nyumbani kwa simu yangu?” Mama Kinoti aliuliza.

“La. Kule ni usiku wa manane, waache walale. Na leo ni Sabato. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha.” Alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

Mumbi alimtafuta kaka yake kwa macho. Mwangi alikuwa amejibana ukutani, uso umempauka. Hapo ndipo angesema. Neno moja lingetosha, lingemwaibisha mbele ya watu, lakini baba angelala akijua ana mama. Badala yake aliingia chumbani, na Mumbi alipomfuata alimshika bega kwa nguvu.

“Usiseme. Kesho jioni watapiga simu, watajua ni uvumi tu. Hakuna atakayeumia.”

“Baba ameumia sasa hivi!”

“Mumbi, tafadhali. Nitakosa chuo.”

Wageni waliondoka, chakula kikabaki. Katika dini yao Sabato haina maombolezo, kwa hiyo baba alijikaza na kuimba nyimbo za mezani kama kila Ijumaa. Wimbo wa mwisho, ule ambao Cucu aliupenda, haukufika mwisho. Mama alimshika mkono. Mumbi alimchukia kaka yake usiku ule, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Asubuhi Mwangi alisema kichwa kinamuuma, naye mama akabaki nyumbani. Baba na Mumbi walitoka kwa miguu kwenda sinagogi, kama desturi yao siku hiyo. Theluji ilikuwa imeganda kando ya barabara na upepo wa bondeni uliwapiga usoni walipofika darajani. Baba alisimama katikati ya daraja.

“Jumapili iliyopita alinipigia,” alisema. “Nilikuwa kwenye mizigo, nikamwambia nitakupigia baadaye, mama. Sikumpigia. Mtu anamwambiaje mama yake baadaye?”

Hapo ndipo baba alipolia. Mumbi hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, na hakuweza kuvumilia hata dakika moja zaidi.

“Baba, Cucu yuko hai,” alisema, naye akaanza kulia. Alimweleza yote: mahojiano ya Jumamosi, simu ya Alhamisi, ahadi yake ya kunyamaza.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Mumbi alitegemea atafurahi, au atafoka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifuta uso kwa glavu.

“Ulijua tangu jana?”

“Ndiyo, baba.”

“Ukaniangalia nikiimba?”

Baba alitangulia kutembea, Mumbi akimfuata nyuma. Mlangoni pa sinagogi yule mzee aliwauliza wamealikwa na nani, na baba, ambaye siku zote humjibu kwa upole, alimpita kimya.

Nyota zilipoonekana baba aliishusha sufuria mwenyewe. Hakujali kwamba Nyandarua kulikuwa hakujapambazuka. Alipiga, akaisikia sauti ya Cucu iliyojaa usingizi ikiuliza nani amekufa, akasema hakuna, mama, nilitaka kukusikia tu. Kisha alisoma katika kundi ujumbe wa Bi Cherotich wa chuoni, ulioanzisha habari, akaiweka simu na kumgeukia Mwangi.

“Cucu utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Lakini kwanza vyombo vya watu virudi, na Bi Cherotich aujue ukweli.”

Jumapili Mwangi alitembea na mama mlango hadi mlango, sufuria mikononi, akisema jambo lile lile: hapakuwa na msiba, nilidanganya, samahani. Bi Masuma alimwonea huruma. Wengine walipokea vyombo vyao na kufunga mlango. Mama Kinoti alikuwa ameomba ruhusa kazini ili awapikie wafiwa, na alimtazama mama, si Mwangi.

“Siku utakapofiwa kweli,” alisema, “sijui nani atakuja.”

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko kitu chochote ambacho mwanawe angeweza kufanya.

Jumatatu baba aliwapeleka watoto wote wawili chuoni. Bi Cherotich alisimama haraka kumpa baba pole, na Mwangi akalazimika kumkatiza. Alieleza yote huku ameinamisha kichwa. Bi Cherotich aliketi tena.

“Kijana wangu,” alisema, “kila mwaka Wasabato wananiomba niwabadilishie Jumamosi. Wayahudi pia. Nabadilisha pale pale kwenye simu, hata sababu siandiki. Ungesema tu.”

“Nilidhani mtanikataa.”

“Huenda kuna wengine hapa ambao wangekununia, siwezi kukudanganya. Siku hizi nayasikia maneno mengi ukumbini. Lakini mimi ningebadilisha.” Alivua miwani. “Sasa nimekuombea nafasi kwa wakubwa wangu kwa msiba ambao haupo. Ndege inabeba watu, Mwangi. Fundi akisema amekaza skrubu, lazima iwe amekaza. Mwaka huu siwezi kukurudisha kwenye orodha. Mwaka ujao omba tena, na useme sababu yako.”

Baba hakumbembeleza. Alimshukuru kwa kuwakimbilia, akamwomba radhi, wakatoka. Ndege ilipaa juu ya vichwa vyao walipokuwa wakielekea kwenye gari, na Mwangi hakuinua macho kuitazama.

Jioni ile alimpigia Cucu, simu ikiwa mezani ili wote wasikie. Alisema yote, akasema pia habari za wanafunzi wanaotukana na za mzee wa mlangoni.

“Waliopika walipika nini?” Cucu aliuliza.

“Githeri. Na chapati.”

“Angalau.” Hakucheka. “Mwangi, mimi nimefunga kibanda kila Jumamosi tangu baba yako akiwa mgongoni. Walinicheka, na viazi vikaoza. Sikusemi kwa kuogopa, hata mimi niliogopa. Lakini wewe umeona ni rahisi kunizika mimi kuliko kusema neno Jumamosi. Hilo ndilo limeniuma.”

Mwangi alifunika uso kwa mikono.

“Sikiliza, na huyo mdogo wako asikilize, maana kuficha uongo wa mtu ni kuusema pamoja naye. Ukiingia chuo kwa kujificha, utajificha darasani, utajificha kazini, na watoto wako utawafundisha kujificha. Chuo chako ni kile ambacho umelitaja jina lako mlangoni, wakakufungulia au wakakufungia. Wakikufungia, utakuwa umejua mapema. Sasa niambie, mwakani utawaambia nini?”

“Nitawaambia siwezi kuja Jumamosi.”

“Kwa sababu gani?”

“Kwa sababu mimi ni Myahudi.” Ilitoka kama mnong'ono.

“Sema kwa sauti. Mimi si marehemu, lakini ni mzee.”

Mwangi akarudia kwa sauti, na baba akainuka kwenda kuchemsha chai.