Dhambi Haingoji Siku ya Posho

Mabomba ya mtaa wao mjini Bukavu yalikuwa yakitoa hewa tupu tangu mvua zilipokatika. Kwa hiyo kila siku baada ya shule Colombe alishuka ngazi za udongo hadi ziwani, akachota maji, akapanda nayo mlima. Maji ya nyumbani kwao aliyachota asubuhi. Bidoni ya alasiri, yaani dumu la pili la maji, ilikuwa ya Maman Marcelline, jirani yao mjane. Magoti yake yalikuwa mabovu, na alikuwa akimlea mjukuu wake Chris, mtoto wa miaka minne.

Ziwani palikuwa na sheria moja: bidoni isipande mlima bila dawa. Fabien, kijana wa kujitolea, alikaa ufukweni nyuma ya meza ndogo, akatia klorini katika kila bidoni iliyojazwa. "Ngojea nusu saa ndiyo unywe," alimwambia kila mtu. "Kipindupindu haina rafiki." Hakumlipisha mtu yeyote. Kazi ya mtu ilikuwa kupanga mstari na kungoja zamu.

Jumatano ile mstari ulikuwa mrefu. Colombe alitazama jua, akatazama mlima. Yeye na wenzake walikuwa wakijiandaa kupokea Komunyo ya kwanza, na Papa Didier, katekista wao, alikuwa ameonya: atakayechelewa mazoezi hatabeba maua ya altare. Colombe alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote kwamba yeye ndiye atakayeyabeba.

Fabien alikuwa ameinama, akibishana na mwanamke mmoja aliyeleta bidoni chafu. Colombe alijitwisha bidoni yake, akapita nyuma ya meza, akaondoka.

"Fabien ametia dawa?" Maman Marcelline aliuliza alipomwona mlangoni.

"Ndiyo, maman."

"Mungu akubariki, mutoto yangu. Mimina mu pipa."

Colombe alimimina. Kisha alikimbia parokiani, akafika kwa wakati. Siku ile Papa Didier aliwauliza amri za Mungu. Colombe alisimama, akazisema zote kumi bila kukwama, hata ile ya kutosema uongo. Papa Didier alimsifu, na wenzake wakampigia makofi.

Alhamisi asubuhi kelele zilimwamsha. Maman Marcelline alikuwa akipita njiani, Chris mgongoni, macho ya mtoto yamezama ndani. Alikuwa ametapika na kuharisha mpaka miguu ikamlegea. Majirani walimkimbiza mtoto kituo cha afya.

Watu walikusanyika kando ya njia. Glody, dereva wa pikipiki, alikuwa akisema kuliko wote.

"Ni ile kloro ya Fabien! Miye nilisema tangu mwanzo. Maji ni ya Mungu, juu ya nini kuitia dawa? Ule kijana atatumaliza!"

"Weye Glody, ata sabuni unaiogopa," mwanamke mmoja alimjibu, na watu wakacheka. Lakini mzee mwingine alitikisa kichwa. "Maman Marcelline hanywe maji bila dawa," alisema. "Na mutoto amegonjwa. Sasa dawa inasaidia nini?"

Kicheko kiliisha. Colombe alikuwa kati yao. Yeye peke yake alijua jibu la swali lile.

Shuleni alimvuta pembeni rafiki yake Gloire, akamweleza yote. Gloire alishika mdomo.

"Usiseme!" alinong'ona. "Ukisema sasa, batakutoa mu Komunyo. Ngojea siku ya posho." Jumamosi, ambayo Bukavu huitwa siku ya posho, ndiyo siku ambayo Padri Constantin alikaa kanisani kuwaungamisha watu. "Unaungama, padri anakusamehe, inaisha. Na padri hawezi kutoa siri."

"Na Chris?"

"Chris iko ku kituo, kwa munganga. Weye ni munganga?"

Ushauri ule ulimpendeza Colombe kwa sababu moja tu: ulimruhusu kunyamaza. Tangu saa ile aliibeba dhambi yake kama mtu anayebeba nguo chafu akingoja siku ya kufua. Alisali sana. Alimwahidi Mungu kwamba hatabeba maua. Alimwahidi kwamba atamchotea maji Maman Marcelline mpaka awe mtu mzima. Alimwahidi kila kitu, isipokuwa kufungua kinywa.

Na pipa lilibaki palepale, limejaa.

Ijumaa alipotoka shuleni, alimkuta mama yake, Maman Ghislaine, nyumbani kwa jirani. Maman Ghislaine alikuwa mshonaji. Mikono yake ilikwenda haraka na mdomo wake pia. Alikuwa amefua nguo za Chris, amepika uji, na sasa alikuwa akijaza chupa kwa maji ya pipa.

"Umechelewa. Shika hii, peleka ku kituo," alisema. "Maman Marcelline analinda mutoto tangu jana, na kule maji ya kunywa imeisha. Ameomba ya pipa yake, juu anajua iko na dawa. Haraka."

Colombe aliipokea chupa. Ilikuwa baridi. Hakwenda.

"Miguu imekufa?"

"Maman, asikunywe."

"Unasema nini?"

"Asikunywe hii maji!" Colombe alipiga kelele, na machozi yakamtoka. "Haina dawa. Nilipita nyuma ya Fabien. Nilimudanganya Maman Marcelline. Chris amegonjwa juu yangu."

Maman Ghislaine alichukua chupa, akaimwaga nje. Akalishika pipa kwa mikono miwili, akalilaza, maji yakatiririka hadi mferejini. Ndipo alipogeuka.

"Tangu Jumatano unajua?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Siku ya posho. Nilitaka kuungama."

"Siku ya posho!" Maman Ghislaine alijipangusa mikono kwa nguvu. "Kipindupindu nayo inangojea siku ya posho? Kuungama ni kwa kutengeneza kile umeharibu. Weye ulikuwa unaitumia kwa kujificha. Vaa viatu."

Kituoni walimkuta Maman Marcelline ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa. Uso wake ulikuwa umekauka kwa kukosa usingizi. Maman Ghislaine alimsogeza binti yake mbele. "Sema," aliamuru, kisha akaenda kumtafuta muuguzi.

Colombe alisema. Sauti yake ilikatika mara nyingi, lakini alifika mwisho. Maman Marcelline alimsikiliza huku akitazama mlango wa chumba.

"Nipige, maman," Colombe alisema. "Nitakuchotea maji kila siku. Nitafanya kila kitu utasema."

"Nikikupiga, Chris anapona?"

Colombe naye aliutazama mlango wa chumba.

"Niko na hasira, sikufichi," Maman Marcelline alisema polepole. "Ule mutoto ndiye mutu yangu tu duniani. Daktari anasema tungojee, serumu inaingia mu mushipa. Sijui kama atafika kesho. Lakini nimekusamehe. Nasema sasa, mbele ya kujua itaisha namna gani. Nikingojea kujua, pengine nitashindwa."

"Lakini nitalipa..."

"Utalipa na nini? Uko na mutoto mwingine wa kunipa?" Alimtazama Colombe kwa mara ya kwanza. "Miye siuzi musamaha. Kamata, ao acha."

Colombe alilia kwa nguvu. Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

Walikuwa bado hawajapumzika Maman Ghislaine alipomshika mkono tena. "Iko mwingine uliyemukosea," alisema. Walishuka ziwani. Meza ya Fabien ilikuwa imepinduliwa mchangani. Glody na vijana wengine walikuwa wamemzunguka, na mmoja ameshika ndoo ya klorini ili aitupe ziwani.

"Acheni!" Colombe alisema. Hawakumsikia. Mama yake aligonganisha viganja mara moja, na mikono ya mshonaji ina sauti. Wote waligeuka. Colombe akasema kwa mara ya tatu siku ile maneno yaleyale, safari hii mbele ya watu wanaomjua tangu alipozaliwa. Alipomaliza, mtu fulani alimzomea. Mwingine alisema, "Ni huyu wa kubeba maua!"

Kijana mwenye ndoo aliiweka chini. Glody alijikuna shingo. "Sasa Fabien, mukubwa, miye nilifikiri..."

"Shika mguu wa meza, unisaidie," Fabien alimkata. Walipoisimamisha, alimgeukia Colombe. Sauti yake haikuwa laini. "Ningepigwa leo juu yako."

"Najua, yaya," Colombe alisema, akimwita kama kaka mkubwa. "Unisamehe."

Fabien alivuta pumzi. "Umekuja ungali na nafasi ya kukimbia," alisema. "Yaishe. Kesho tena usipite nyuma."

Jumamosi Colombe aliungama. Padri Constantin alimuuliza kama amekwisha kuwaambia ukweli wale aliowakosea, naye akajibu ndiyo. Padri akamwondolea dhambi. Colombe alitoka kanisani akiwa amesamehewa, lakini Chris alikuwa bado amelala na serumu mkononi. Usiku wa Jumamosi ulikuwa mrefu nyumbani kwao. Hakuna aliyejua habari itakayokuja asubuhi.

Asubuhi habari ilikuwa kwamba Chris ameomba uji. Siku zilizofuata alipata nguvu kidogo kidogo, na mwishoni mwa wiki daktari aliwaruhusu kurudi nyumbani. Colombe na mama yake walikwenda kuwasaidia mizigo. Chris alikuwa mwepesi, shingo nyembamba, lakini alikuwa akiuliza maswali.

Njia ya kupanda ilikuwa mbele yao, na Maman Marcelline alishika magoti yake. Maman Ghislaine alikuwa na vyombo kichwani. Colombe alisimama pembeni, hakuthubutu kunyoosha mikono.

"Inama," Maman Marcelline alimwambia.

"Miye?"

"Kwani nani mwingine iko na mugongo muzima hapa?" Alimpandisha mtoto, akamfunga kwa kitenge, akakaza fundo vizuri mbele ya kifua cha Colombe.

Walipanda polepole. Baada ya muda Colombe alisema kwa sauti ndogo, "Maman, sijalipa kitu."

"Na hutalipa," Maman Ghislaine alijibu bila kugeuka. "Sikia vizuri. Amri za Mungu ulizijua zote kumi. Zilikusaidia kuona umekosa, na ni kazi yake hiyo. Lakini amri haiwezi kukunyanyua ukishaanguka. Mwenye kukunyanyua ni Mungu, na anafanya bure, vile Maman Marcelline alifanya, mbele ya kujua kama mutoto atapona. Hiyo ndiyo neema. Haununui, unapokea. Na ukishapokea, unasema ukweli siku ileile, juu huogopi tena kutupwa."

Chris alikuwa amelala, na kichwa chake kimeegemea bega la Colombe. Naye alipunguza mwendo, akatafuta mahali pazuri pa kuweka kila hatua.