Saa Tisa Zilizorudishwa Nyuma

Ilianza na ruta moja ya ghorofa ya tatu, mojawapo ya vifaa vinavyosambaza mtandao ofisini. Jumanne mchana kweupe, jua la mji wa Hsinchu, Taiwan, likiwaka madirishani, saa ya ruta ile ikarudi nyuma kwa muda wa saa tisa kamili. Shu-min, fundi wa mtandao, akairekebisha ifuate tena seva ya saa, ile mashine ambayo ruta zote kumi na nne huiuliza ni saa ngapi. Ikatii. Kabla hajamaliza chai yake ya maziwa, ruta nyingine nne zikawa zimerudi nyuma.

"Dada Min, tazama ile pakiti ya vitafunio tuliyoweka juu ya seva ili mashine zitutii," A-Kai, mwenzake, akamtania. "Ikipitwa na tarehe, mashine zinaota kiburi."

Shu-min hakucheka. Saa tisa hizo alizijua vizuri mno.

Wiki tatu kabla, mwenzao Lo Ting-kuang alikufa ndani ya chumba cha seva, usiku wa kuamkia Jumatano, saa tisa na dakika kumi na mbili, akiwa kwenye mkesha wake wa nne mfululizo. Asubuhi meneja Fang alimwita Shu-min, akafunga mlango.

"Andika kwamba seva ilikuwa mbele kwa saa tisa. Kumbukumbu zote za usiku ule zirudishe nyuma. Lo amekufa Jumanne jioni, saa kumi na mbili na dakika zake. Hapa hakuna anayekesha. Tumeelewana?"

Shu-min aliogopa kufukuzwa, akaandika. Daktari naye akafuata kumbukumbu, akaandika Jumanne.

Sasa, ruta zote zikiwa zimerudi nyuma, Shu-min akaziuliza zinafuata saa ya nani. Zote kumi na nne zikajibu anwani moja, ya kompyuta ya marehemu Lo.

"Si iko stoo?" A-Kai akanong'ona.

Walishuka stoo wakafungua boksi, na humo ndani kompyuta ilikuwa ya moto, feni yake ikinguruma polepole kama mtu anayepumua kwa shida, waya wake wa umeme umeviringishwa na kufungwa kwa mpira, na harufu ya yale mafuta ya kijani ambayo Lo alikuwa akijipaka kwenye vipanda vya uso ili asilale ikapanda, ikawajaa puani, ikawafuata ngazi hadi ngazi mpaka juu.

Shu-min alikwenda moja kwa moja kwa Siu-lan, mjane wa Lo.

"Nilimpikia chakula cha siku ya saba, siku ambayo marehemu hurudi kuaga nyumbani," mjane alisema bila kumtazama. "Nikamwachia mlango. Hakuja. Nilimkosea nini mume wangu, asitake hata kuniaga?"

Ndipo Shu-min alipohesabu, akianza na siku ya kifo. Siku ya saba ya Lo ilikuwa Jumanne. Mkewe, kwa kufuata tarehe ya uongo, alimngoja Jumatatu. Lo alirudi kwake akakuta meza tupu, taa zimezimwa, mlango umefungwa, akaenda mahali pekee palipobaki.

"Wifi, ni mimi," akasema huku analia. "Mimi ndiye niliyebadilisha saa."

Siu-lan akatwaa vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu, akavitupa sakafuni.

"Uko ofisini?"

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo.

"Utakuja nyumbani leo, nikipika?"

Vyote kifudifudi. Hapana.

"Unamngoja Fang?"

Ndiyo. Akatupa tena, na tena, kuhakikisha. Ndiyo. Ndiyo.

"Basi rudisha saa ya mume wangu," Siu-lan akasema. "Na Fang mwache hapohapo alipo."

Shu-min alirudi kazini, akaandika ukweli wote, akautuma kwa mkaguzi wa kazi. Papo hapo ruta zote kumi na nne zikakubaliana na seva. Fang aliposikia, alikimbilia chumba cha seva ili ang'oe waya, kumbukumbu zisisomwe. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Shu-min! Kadi yangu haifungui! Na humu kuna… nani kapaka mafuta humu?"

Shu-min alitazama kumbukumbu za mlango. Fang, kuingia, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni. Chini yake, mstari ambao muda wake ulikuwa haujafika: Fang, kutoka, Jumatano, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku.

"Nifungulie! Siwezi kukaa humu mpaka asubuhi!"

"Hapa hakuna anayekesha, bosi," Shu-min akamjibu taratibu. Akachukua mkoba wake, akaenda kumsaidia Siu-lan kupika.