Udi Ulioungua

Walikutana dukani, kwenye foleni ya mitungi ya gesi. Mpika udi alivaa gauni la zambarau na mtandio uliofukizwa, na watu wote waligeuka kwa alivyonukia. Fundi wa gesi aliyekuwa nyuma yake hakushtuka hata kidogo. Hilo lilimkera, maana hakuzoea kupuuzwa.

"Nikubebee mtungi, Bi Udi?" fundi akauliza, baada ya kumsikia akitaniwa hivyo na muuzaji.

"Kwa chai tu. Pesa sina."

Fundi alimfungia jiko la gesi katika chumba chake kidogo cha kupikia, pale Bi Udi anapoyeyusha sukari, kutia vipande vya msandali na mafuta ya manukato, kukoroga bila kupumzika, kisha kuanika kwenye sinia. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, mara mbili, aone kama gesi inavuja.

"Wenzako hunusa tu," Bi Udi akasema.

"Mimi naamini povu."

Basi akamwita Povu. Miezi miwili baadaye simu zilikuwa zinachemka masikioni mwao.

"Umekula, Povu wangu?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe!"

Bi Udi alicheka, lakini kuna kitu hakikumkaa vizuri. Fundi hakuwahi hata siku moja kumwambia ananukia.

Siku moja sukari ikaungua, chumba kizima kikanuka moshi mchungu. Fundi akaingia, akachukua kipande cha udi huo, akakipeleka puani, akafumba macho. "Mpenzi, huu ndio mzuri kuliko yote."

"Unaikejeli kazi ya mikono yangu? Toka!"

Siku tisa Bi Udi hakupokea simu yake. Siku ya kumi, mchana, akachukua spana ambayo fundi aliisahau kwake, akaenda kumrudishia. Alijidanganya ni spana tu. Kusema kweli alimkumbuka mpaka kifua kiliuma.

Kwenye ujia wa chumba cha fundi, harufu ya gesi ikampiga puani. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alitabasamu, kiberiti mkononi.

"Bi Udi! Ngoja nikupikie chai."

"Usiwashe!"

Akampokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua dirisha, akamburura nje. Wakakaa kwenye ngazi.

"Hukusikia harufu?"

"Sisikii chochote, tangu ile homa ya mwaka juzi. Hata yako sijawahi kuisikia. Niliogopa nikisema, kazi itakwenda, na wewe utakwenda."

Hasira ikamwisha, huruma ikamshika. Kisha hofu. "Na povu?"

"Hapa kwangu sikupaka. Nilikuwa na haraka."

"Na kwa wateja?"

Fundi akainama. "Siku nyingine sabuni huwa imeisha."

"Nyumba ngapi?"

"Kumi na sita. Mpenzi, Ijumaa nilitaka kuja kwenu kuposa."

"Posa baadaye. Wapigie wote wasiwashe majiko. Mimi nitanusa, wewe utakaza."

Wateja kumi na watano walipokea. Simu ya wa kumi na sita, bibi mmoja mzee, iliita mpaka ikakatika.

Walikimbia wameshikana mikono. Walipokata kona ya mtaa wake, Bi Udi akasimama ghafla, vidole vyake vikambana fundi mkono.

"Unasikia nini?" fundi akauliza.

Bi Udi alimwachia mkono. Alikwisha kuukimbilia mlango wa bibi. Nyuma yake fundi alikuwa akigonga milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine, akipaza sauti bila haya: "Tokeni nje! Msiwashe moto! Mimi ndiye fundi, sisikii harufu, nimekosea!"

Watu walitoka, wakimnyooshea vidole. Bi Udi alisikia kila neno. Akajua Ijumaa atamfungulia mlango akija kuposa, Mungu akiwafikisha Ijumaa. Akashika kitasa cha mlango wa bibi, akasukuma.