Mpira Mwekundu Ulionivunjia Ndoa

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Kirongwe, hapa hapa Mafia. Sina mke. Nilikuwa naye... nikampoteza kwa sababu ya mpira. Ndiyo, mpira! Chekeni sasa hivi, maana mkifika mwisho hamtacheka.

Kabla ya vita nilikuwa mkulima wa mpunga, na tangu utoto hakuna aliyenishinda kwa kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu, ulingo wa miti shambani, na teo yangu, ile kamba ya ukindu yenye kitako cha kupakia jiwe. Siri ya teo ni kuunyoosha mkono. Ukikunja kiwiko, jiwe litakurudia kisogoni! Basi mkono wangu ulizoea kuzunguka juu ukiwa umenyooka, na mimi nikidhani faida yake ni kuwafukuza chiriku tu.

Waingereza walipokuja kuwatoa Wadachi, yaani Wajerumani, walikata minazi karibu na Kilindoni wakasawazisha kiwanja cha ndege zao. Alasiri walicheza hapo kriketi, wao na askari wao wa Kihindi. Mimi niliwachotea maji. Siku moja mpira wao mwekundu wa ngozi ukabingirika mpaka miguuni pangu. Nikauokota, nikaurudisha kwa mkono wa teo.

Kule mbali vilikuwa vimesimama vijiti vitatu, ambavyo mrushaji huvilenga na mpigaji huvikinga kwa gongo. Viwili viliruka, cha tatu kikakatika!

Kapteni wao alinijia mbio, uso umemwiva. Akataka nirushe tena. Nikarusha tena, na tena. Mkalimani wake akanieleza kwamba bwana haamini macho yake, eti mkono kama huu hutafutwa kwa vijana wa miaka kumi na minane, na mimi nina thelathini na minane na mvi zimeanza ndevuni. Mambo hayo! Tangu siku ile kila walipocheza niliitwa.

Huyo mkalimani ndiye Sefu. Tulikaa jamvi moja chuoni, tukahitimu pamoja, kisha yeye akaenda Unguja akajifunza Kiingereza. Tulimposa binti mmoja, mimi na yeye. Jina lake Mwanakombo, binti wa Mzee Salim, mwenye mashamba ya minazi na damu ya Kimanga, ya Waarabu. Mzee akanichagua mimi. Sefu hakununa. Alikuja harusini akaimba mpaka sauti ikamkauka, nami nikasema moyoni, huyu ndiye rafiki! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako...

Haukupita muda, ukazuka uvumi. Mpira ule wa Wazungu, watu walinong'ona, umeshonwa kwa ngozi ya nguruwe. Najisi! Wanawake kisimani wakawa wanasogeza ndoo zao mbali na Mwanakombo. Mwenyewe aliniuliza mara moja tu, kwa upole, kama ni kweli. Nilimwambia ni ngozi ya ng'ombe. Akaniamini, akanipakulia wali.

Lakini baba yake hakuamini. Ijumaa moja, tumetoka kuswali, nilimpa mkono barazani kwake, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Akakunja mkono wake kifuani mbele ya watu wote, akasema, "Mkono ulioshika nguruwe sishikani nao mimi."

Jamani! Mimi damu yangu huchemka haraka kuliko maji ya chai. Nilisimama pale, na Sefu yupo kando yangu, ananivuta kanzu kama mtu anayenituliza, huku akininong'oneza, "Waoneshe kuwa wewe mwanamume. Apa!"

Nikaapa. Nilisema kwa sauti iliyofika msikitini, "Nikiurusha mpira ule tena, Mwanakombo si mke wangu! Talaka tatu!"

Mzee Salim akanipa mkono. Nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, eti nimeshinda! Mwanakombo alikwishapata habari. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Nikamwambia asiwe na hofu, mpira basi. Aliendelea kupepeta.

Nilikaa mbali na kiwanja. Ikaja manowari, mabaharia wake wakataka kushindana na watu wa kambi. Sefu akaja kwangu akicheka, "Njoo utazame tu, bwana wee. Macho hayakuapa!"

Nikaenda. Laiti ningevunjika mguu njiani!

Kiwanja kilijaa. Mabaharia walikuwa wamebakiza kidogo tu washinde, na kila aliyewarushia mpira, waliupiga mpaka michikichini. Kapteni akawa anageuka geuka, anatafuta. Akaniona. Akaniita kwa mkono. Nikatikisa kichwa. Nikamwomba Sefu amweleze kiapo changu, chote, neno kwa neno. Sefu akasema naye kwa muda mrefu. Kapteni akanitazama, akasema maneno machache, akageuka.

Sefu akanijia, uso umemsawajika. Alisema Bwana amekasirika. Nisiporusha, kesho napandishwa melini, napelekwa bara kubeba mizigo ya vita. Nani kati yenu hajui habari ya wabebaji wa bara? Wangapi walikwenda, wangapi walirudi?

Nikirusha, nimempoteza mke. Nikikataa, nimemwacha mjane! Nilimshika Sefu mabega, nikamuuliza nifanyeje.

"Aliyelazimishwa hana dhambi," akaniambia. "Kadhi mwenyewe anajua hilo. Wewe rusha uiokoe roho yako. Mimi nitakuwa shahidi wako, wallahi!"

Akanitia mpira mkononi.

Nilirudi nyuma, nikakimbia, mkono ukazunguka. Nilirusha kwa hasira ya mtu anayeonewa, na vijiti vikaruka. Akaja mwingine, vikaruka. Watu walipiga kelele, askari wa Kihindi wakaninyanyua juu kwa juu, na mimi nalia. Wao walidhani nalia kwa furaha.

Nilikwenda kwa kadhi siku ile ile na kanzu yangu ina vumbi. Nikaeleza. Kadhi akasema ikiwa mtu amelazimishwa kwa kutishwa, talaka haikuanguka, lakini shahidi yuko wapi? Nikamleta Sefu. Nilimleta mimi mwenyewe, nimemshika mkono!

Sefu akatazama jamvi. Akasema, "Hakulazimishwa, Sheikh. Bwana hakumtisha hata kidogo. Alirusha kwa hiari yake."

Nilihisi kama nimepigwa jiwe la teo yangu mwenyewe. Nilimrukia, watu wakanizuia. Kadhi akataka Kapteni aulizwe, lakini manowari ilikwisha ng'oa nanga, na Kapteni yumo, amehamishiwa Unguja. Basi kadhi akahukumu kwa ushahidi uliopo. Mwanakombo akarudishwa kwa baba yake kukaa eda.

Mimi niliamini kabisa kwamba Kapteni alinitisha, na kwamba Sefu anamwogopa bwana wake. Nikasema nitamfuata huyo Kapteni, aseme mwenyewe, kabla eda haijaisha. Nikavuka mpaka Unguja.

Kapteni hayupo! Yuko baharini. Lakini Wazungu wa kriketi walikwisha sikia habari zangu, wakanichukua kwenye timu yao. Wakaniambia atakuja tu kucheza, ngoja. Nikangoja, nikicheza, nikijiambia kwamba kiapo changu kilikuwa cha mpira ule wa Mafia tu. Niliangusha vijiti vya Wagoa, vya Waparsi, vya watu wa Mombasa, vya timu iliyovuka bahari kutoka Bombay. Walinivalisha suruali nyeupe, wakanipiga picha. Watu wazima walikuja kuushika mkono wangu wautazame! Sifa zote hizo, na kila mpigaji mgeni alipoingia kiwanjani mimi nilimtazama uso tu, ndiye siye? Usiku silali. Eda inakwenda, inakwenda...

Ilipita. Habari zikaja kwa mtu wa Chole, kisiwa jirani na chetu, kwamba Mwanakombo ameolewa. Na Sefu! Baba yake alimwoza, wakamwambia mimi nimejipatia mwanamke Unguja na sirudi.

Na baada ya hapo ndipo Kapteni alipokuja. Aliingia na gongo lake akasimama mbele ya vijiti, akanitambua, akacheka. Niliuangusha mpira chini. Nikamwita Mgoa mmoja wa timu yetu aliyejua Kiswahili, nikamwambia muulize, kwa nini alitaka kunipeleka bara?

Kapteni akashangaa. Mgoa akanifasiria polepole, mpaka leo nayasikia maneno yale. "Anasema hakusema hivyo. Alimwambia mkalimani akwambie ukae, kiapo cha mtu ni chake. Alipokuona umeshika mpira, akadhani umeghairi."

Lo! Niliacha mchezo pale pale. Wazungu waliniita, sikugeuka.

Nilirudi Mafia na Mgoa yule, mtu mwema, akaja kutoa ushahidi wa alichosikia. Kadhi alimwita Sefu, na safari hii alishikwa na kigugumizi. Hata uvumi wa nguruwe ulijulikana ulianzia kwake. Kadhi akatikisa kichwa, akasema laiti angeyajua haya siku ile. Mzee Salim alilia mbele yangu. Mwanakombo alidai talaka yake siku hiyo hiyo, na Sefu kwa aibu akaitoa, akahama kisiwa.

Sasa sikilizeni. Mwanakombo alipomaliza eda, watu wakanipa hongera! Kwa kuwa ameolewa na mwingine akaachwa, hata wale wasemao talaka yangu ile iliingia hawana neno, ni halali kwangu. Mzee Salim mwenyewe akanitumia salamu. Nikashona kanzu mpya. Nikatuma mshenga, akarudi na jibu kwamba Mwanakombo anataka nije mwenyewe.

Nikaenda. Alikaa nyuma ya pazia, mama yake pembeni. Nikaeleza yote, uongo wa Sefu, Unguja, kungoja kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, bwana," akasema. "Sefu alikudanganya mambo mengi. Lakini siku ile barazani, jina langu alikutia yeye mdomoni?"

Nikainamisha uso.

"Ulikuwa na mkono wako, na ndevu zako, na shamba lako la mpunga. Ungeweza kuapa kwa chochote. Ukaniweka mimi. Sefu aliniokota tu pale uliponiweka." Akalivuta pazia likafunga vizuri. "Sirudi. Nenda salama."

Nilitoka na kanzu yangu mpya.

Wanaume wenzangu, nawasihi! Mkiudhiwa, nyamazeni. Mkishindwa kunyamaza, apeni kwa Mungu na mzigo mbebe wenyewe. Msimtaje mke. Yeye hayupo hapo barazani, yuko nyumbani anakupepetea mchele. Na mtu akikuvuta kanzu akakwambia "apa," mtazame vizuri huyo ni nani.

Wazungu wameniita mara mbili nirudi Unguja. Nimekataa. Nimerudi kwenye dungu langu, naamia ndege kwa teo. Mwanakombo hupita njia ya shambani kwenda kwa shangazi yake. Husema, "Umeamkaje?" Nami hujibu, "Salama." Naye hupita.