Bibi Miwani na Kitabu Chenye Pua

Bibi Miwani alijifunza kusoma uzeeni. Tangu alipopata miwani na kuingia darasa la watu wazima, hakuna maandishi yaliyompita salama. Alisoma makopo ya rangi. Alisoma mifuko ya unga. Alisoma hata fulana za wapita njia, mpaka wengine wakadhani anawatafuta ubaya.

"Mama, hata risiti yangu ya koki unaisoma kama barua ya posa," alimtania mwanawe, fundi bomba.

"Niache nisome. Nilichelewa."

Vitabu aliviheshimu mno. Mwalimu wao alikuwa mkali kwa jambo moja: ukurasa wa kitabu haukunjwi. Bibi alilishika neno hilo. Akikuta kitabu cha mjukuu kimekunjwa kona, alikunjua, akalainisha kwa kiganja, kisha akamtafuta mwenye kosa nyumba nzima.

Mke wa fundi bomba alikuwa amepata kazi kwenye jumba la makumbusho. Alikuwa mlinzi wa chumba. Kazi yake ilikuwa kusimama kutwa na kutazama mikono ya watu. Bado alikuwa katika miezi ya majaribio, na alikwishaambiwa wazi: kitu kikiharibika chumbani mwako, usitegemee kuajiriwa.

Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi sare yake.

"Leo tumeruhusiwa kuleta jamaa," alisema. "Kuna maonyesho ya vitabu. Lakini si vya kusoma. Wasanii wamevikata na kuvigeuza sanamu. Mama, nakuomba jambo moja. Usiguse kitu."

"Kwani mimi mtoto?"

"Si mtoto, Mama. Hata watu wazima hujisahau."

"Haya, mkwe wangu. Nimesikia."

Chumba kilikuwa kimya na chenye ubaridi. Kitabu kimoja kilikuwa kimechongwa ndani kama pango. Kingine kilikuwa kimelowekwa na kukaushwa hadi kikafanana na jiwe. Kamusi nene ilikuwa imekatwa ngazi ndogo ndogo, kama za kupandia ghorofani.

Fundi bomba alifurahi. "Tazama kazi hii! Huyu ana mkono."

Bibi hakufurahi. "Nani kawafanyia hivi?"

"Ndiyo sanaa, Mama."

"Sanaa gani? Mtu akikupasua tumbo, utamwambia hongera kwa sanaa?"

Mlangoni, mgeni mmoja alimwomba mlinzi amwelekeze njia ya kutokea. Mlinzi aligeuka kumwonyesha. Ilikuwa kitambo kidogo tu.

Katikati ya chumba, juu ya meza ndogo isiyo na kioo, kitabu kilikuwa kimesimamishwa wima. Kurasa zake zote zilikuwa zimekunjwa, kila moja kwa kipimo chake. Aliyesimama mbele aliona uso wa mzee kwa ubavu: paji, pua, midomo, kidevu. Lakini Bibi alikuja kwa nyuma. Yeye aliona kurasa zilizokunjwa tu. Nyingi mno.

Mkono ulinyanyuka wenyewe. Alikunjua ukurasa mmoja, akaulainisha. Akakunjua wa pili. Akaendelea, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizolowa.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nawasaidia. Wamekitesa, maskini."

Fundi bomba alizunguka upande wa mbele. Alishika kichwa. "Mungu wangu! Mama, umemtoa mtu pua!"

Mlinzi alifika mbio. Alitazama. Pale palipokuwa na pua palikuwa na karatasi zilizonyooka, zimetokeza nje kama majani.

"Hakuna aliyeona," mumewe alinong'ona. "Nikunje haraka. Mabati nakunja, karatasi itanishinda?"

"Usiguse!"

"Basi sema ni yule mgeni aliyetoka. Hatujui jina lake, hatujui aendako. Utapoteza kazi kwa ajili ya makaratasi?"

Sasa Bibi alikuwa ameelewa. Alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "ni mimi. Lakini wewe utakula nini?"

Mlinzi alisikia hatua za watu chumba cha pili. Alimfikiria yule mgeni, aliyekuwa amemshukuru kwa upole. Kisha alishika simu ya upepo.

"Namwomba mhifadhi mkuu chumba cha vitabu. Kazi imeguswa. Aliyegusa ni mama mkwe wangu."

Mumewe alifumba macho. "Umejimaliza."

Mhifadhi mkuu ndiye aliyekuwa bosi wake. Alikuja bila kukimbia na bila kupaza sauti, na hilo liliwatisha zaidi. Alifunga mlango kwa kamba. Aliinama karibu na kitabu, mikono nyuma.

"Kuna aliyejaribu kukunja tena?"

"Hapana," alisema mlinzi.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilimzuia mume wangu."

Mhifadhi aliandika. Kisha alimpigia simu msanii mwenyewe. Wakasubiri. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha mlinzi. Fundi bomba alihesabu vigae vya sakafu, akapotea, akaanza upya.

Msanii aliingia akihema. Alipoona uso usio na pua, alibadilika rangi.

"Nani?"

Bibi alisimama. "Mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitabu hakikunjwi. Aliyekufundisha kusoma hakukwambia?"

Mlinzi alitamani sakafu ipasuke immeze. Msanii alimgeukia Bibi.

"Bibi, kitabu hiki kilikuwa kimetupwa. Mchwa walikula katikati. Maktaba ilikiondoa, nikaomba, nikapewa. Kingeishia dukani kufungia misumari. Siwezi kukata kitabu ambacho bado mtu anaweza kukisoma."

"Basi ungeandika hivyo. Mimi siku hizi nasoma."

"Nimeandika. Kibao kile pale ukutani."

"Nimekiona. Maandishi kama chawa."

Mhifadhi alikohoa kidogo. Kisha alimvutia Bibi kiti chake karibu na meza.

"Bibi, nikueleze. Vidole vyetu vina jasho na mafuta, hata tukinawa. Kidole kimoja hakionekani kimefanya kitu. Vidole vya maelfu ya wageni hula karatasi kama mchwa. Ndiyo maana tunasema, macho tu. Lakini kosa likitokea, kubwa ni hili: usifiche, usitengeneze. Karatasi hukumbuka mkunjo wake. Ukiukunja vibaya, unaweka mkunjo wa pili juu ya wa kwanza, na hapo hukatika. Watu huleta gundi, huleta mate. Sisi tulikipiga picha kitabu hiki na kukipima kabla ya kufungua mlango. Kwa kuwa mliita mapema, mistari yake bado ipo."

Msanii alinawa na kukausha mikono. Alifuata mistari, ukurasa baada ya ukurasa, huku mhifadhi akisoma vipimo. Ukurasa mmoja ulikatika. Wote walishtuka. Msanii aliung'ata mdomo wake, akaendelea. Hatimaye pua ilirudi, ila ilikuwa na kibonyeo katikati.

"Nilikuwa nimeumba pua nzuri kuliko hii," alinung'unika.

"Ya marehemu mume wangu ilikuwa hivyo hivyo," alisema Bibi. "Iligongwa na mlango."

Fundi bomba alicheka, akajiziba mdomo. Msanii naye akacheka, bila kupenda.

Mlinzi pekee hakucheka. "Sare niiache ofisini?" aliuliza.

"Sare ya nini?" mhifadhi alisema. "Uliondoa macho chumbani. Hilo ni kosa, na utapata onyo. Lakini mlinzi anayeniita kabla sijagundua, akamtaja na ndugu yake, nimpate wapi mwingine? Kesho uje kazini."

Ndipo mlinzi alipolia. Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

Wiki iliyofuata vibao viliandikwa upya, kwa herufi kubwa. Vilieleza kila kitabu kilitoka wapi na kwa nini kilikatwa. Kando ya dirisha iliwekwa meza yenye vitabu vibovu, na hapo mgeni aliruhusiwa kushika, kukunja na kujaribu. Mlangoni aliambiwa mapema: mikono nyuma, tazama pande zote, uliza usichokielewa. Miezi ya majaribio ilipokwisha, mlinzi aliajiriwa.

Siku ya mapumziko darasa zima la Bibi lilikuja. Mshona viatu mmoja alisimama mbele ya kamusi yenye ngazi, amekunja uso.

"Hii si haki," alisema.

"Muulize mwenye sare," Bibi alimwambia.

Aliuliza. Mlinzi alimjibu. Mwingine akauliza, kisha mwingine, wakabishana, wakacheka, mpaka saa ya kufunga ikafika na sauti ya mlinzi ikawa imekauka kabisa.