Kabari Zilizogeukia Ukutani

Asubuhi hiyo Mzani alipofungua karakana yake, alikuta kabari zote zimegeuza nyuso ukutani.

Jana yake alizitundika mwenyewe kwenye misumari, namba zikitazama mlango ili kila aingiaye azione. Zilikuwa kabari za kale za kupandia miamba, vipande vya shaba vidogo kama ukucha, kila kimoja na kitanzi chake cha waya. Mpanda mwamba huchomeka kipande kwenye ufa, hupitisha kamba kwenye kitanzi, na akiteleza, kijichuma hicho ndicho kinachosimama kati yake na kaburi. Mzani alizigeuza, akasema ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini anayetaka kujidanganya hakosi upepo.

Mzani lilikuwa jina la utani. Wapanda miamba walimletea vyuma vya zamani avitambue, naye aliviweka kiganjani, akafumba macho kwa mbwembwe, kisha akataja vilitengenezwa wapi na vinabeba kilo ngapi. Mara nyingi alipatia. Sifa zikamvimbisha kichwa, na kichwa kikivimba masikio huziba.

Hizi aliletewa na mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeachiwa na marehemu mwalimu wake wa kupanda. Hazikuwa na alama yoyote. Kwa kabari za namna hiyo kazi ina sheria moja: unatoa moja kafara, unaivuta kwenye mashine mpaka ikatike, na hiyo iliyokufa inasema ukweli wa ndugu zake. Maana kulikuwa na karakana mbili za zamani zilizotengeneza kabari za kufanana kama mapacha. Moja ilishikiza waya kwa lehemu ya fedha, nyingine kwa lehemu laini ya bati isiyohimili mzigo, na kiganja hakiwezi kuzitofautisha. Mzani alilijua hilo vizuri. Lakini siku ile mpwa alikuja na wenzake, wote wanamkodolea macho, na kuwasha mashine mbele yao kungekuwa kukiri kwamba kiganja hakijui. Akafumba macho, akasema kilo mia sita. Akagonga namba hiyo kwenye kila kabari, vijana wakampigia makofi.

Baada ya kugeuka kukaja harufu. Lehemu ilinuka kama inayeyuka, na jiko lilikuwa baridi. Kisha mchana mmoja mkewe alipomletea chai, wote wawili wakasikia waya unavutwa pembeni kwenye mashine iliyozimwa, nzzzi, mrefu, halafu tak.

"Umesikia?" mke akanong'ona.

"Panya," akasema Mzani.

"Panya gani anavuta waya?"

Alisogea ukutani, akageuza kabari moja kwa ncha ya kidole, na pale alipogonga mia sita palikuwa laini kama hapajawahi kuguswa, na ya pili vilevile, na ya tatu, na alipochukua nyundo azigonge upya huku jasho linamwingia machoni, alihisi nyuma ya shingo yake pumzi ya moto yenye harufu ya bati, pumzi ya kitu kilichoinama kusoma anachoandika, na asubuhi yake zote zilikuwa zimefutika tena.

Mke akamwita mganga, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alifukiza ubani. Mpwa naye alikuwepo. Alikuwa amefuata kabari zake.

"Huyu jini hakuja kudhuru," mganga akasema. "Amekuja kufuta. Baba, umeandika nini humu usichokijua?"

Mpwa akamtazama mjomba wake kwa yale macho ya kumwamini, na Mzani akaona aibu. Neno lilifika kwenye ulimi, likarudi.

"Sijaandika kitu nisichokijua."

"Mficha uchi hazai," mganga akasema, bila ukali. "Basi nitamtoa. Ila akitoka kwenye chuma atatafuta pengine pa kukaa."

Akamtoa. Harufu ikaisha, sauti ikaisha. Mzani akagonga mia sita kwa mara ya mwisho, nazo zikakaa. Mpwa akazibeba, akaacha moja tu ambayo kitanzi chake kilikuwa kimepinda.

Sasa ukimya ndio ukamtesa. Hapakuwa na wa kumwonya tena isipokuwa yeye mwenyewe. Asubuhi ambayo vijana walikwenda kupanda, alifunga mlango kama mwizi, akaipachika ile iliyobaki kwenye mashine, akawasha. Waya ukalia, nzzzi. Mshale haujafika hata mia na hamsini, tak. Mtu anayeanguka huwa mzito mara kadhaa ya uzito wake.

Alikimbia na aproni yake mpaka chini ya genge. Mpwa alikuwa juu sana, kabari zimepangana kwenye ufa chini ya miguu yake, na watu wamejaa wakimtazama.

"Usizitegemee," akapaza sauti. "Namba nilizitunga. Sikuzipima hata moja."

Watu wakageuka wote kumtazama yeye. Kijana mmoja akazunguka mpaka kileleni akamteremshia mpwa kamba, na muda wote huo Mzani alisimama katikati ya macho yale, akatamani ardhi ipasuke immeze. Binti alishuka salama, akizichomoa kabari njiani. Waya wa mojawapo ulibaki mkononi mwake bila kichwa.

"Mjomba, ulijua?"

"Nilijua kwamba sijui."

Binti akaondoka.

Jioni Mzani aliponawa, aliona kiganjani, katikati ya ule mkono wa sifa, mia sita imegongwa ndani ya nyama. Haikuuma wala haikutoka kwa sabuni. Tangu hapo akisalimiwa hutoa kifundo cha mkono, kama fundi mwenye grisi, hata akiwa ametoka kuoga.

Mpwa alikaa muda mrefu ndipo akaja kumwona. Alikikataa kifundo. Akaushika mkono wa mjomba wake, akaufungua kwa nguvu, akasoma. Harufu ya bati ikapanda. Kisha wote wawili wakasikia, chini ya ngozi, waya unaanza kuvutwa, na wakasimama wameshikana mikono wakisubiri ukatike.