Harufu ya Chumba cha Mahindi

Mwezi wa Juni, Sumbawanga huwa na upepo. Unaanza asubuhi, unapiga mabati, unaingia hadi kwenye mifupa. Ni mwezi wa likizo ya shule. Ni mwezi wa kuvuna pia. Kwa Scola, ni mwezi ambao siku moja haitoshi.

Scola ni karani. Anapokea barua na kupanga mafaili ofisini. Saa moja na nusu asubuhi lazima awe kazini. Kabla ya hapo anawasha moto, anapika uji, anachota maji, anapiga pasi sketi yake. Mume wake, Loth, alikuwa shambani Laela akivuna mahindi. Nyumbani walibaki watoto wawili. Jenifa ana miaka kumi na mmoja. Leonidas ana miaka sita, na alikuwa na paka wake aliyeitwa Bosi.

"Kwa nini anaitwa Bosi?" Shija alimwuliza siku moja.

"Kwa sababu hafanyi kazi, anakula tu."

Shija alicheka mpaka akashika baiskeli vizuri isianguke. Shija anauza maziwa. Alihamia Rukwa kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wake. Kila asubuhi hupitisha maziwa nyumba kwa nyumba, amevaa makoti mawili.

"Nyie Wafipa," husema, "hii si baridi, hii ni adhabu. Mlimkosea nani?"

"Rudi kwenu kwenye joto," Scola humjibu. "Lakini maziwa utuachie."

Jumatatu moja ya mwezi huo, Loth alituma magunia kumi na mawili ya mahindi kwa lori. Scola aliyaweka ndani, kwenye chumba kilicho jirani na chumba cha watoto. Ndivyo wanavyofanya wengi. Mahindi yakikaa nje ya nyumba, mwenye nyumba hapati usingizi kwa kuogopa wezi. Ukuta wa kati haukufika juu kwenye paa. Nyumba haikuwa na dari. Jenifa akiwa kitandani aliweza kusikia panya wakitembea juu ya magunia upande wa pili.

Jioni Loth alipiga simu.

"Mama Jenifa, dawa usisahau. Mwaka jana wadudu wa dumuzi walitula wakatumaliza. Desemba tulikuta unga mtupu kwenye magunia."

"Nimechoka, baba Jenifa. Nitanunua kesho."

"Kesho kweli?"

"Kesho."

Jumanne, akitoka kazini, Scola alipita sokoni mbio mbio. Kijana mmoja alikuwa na vidonge vya mahindi kwenye kopo. Alimhesabia kumi na viwili, akavifunga kwenye karatasi ya daftari.

"Vinatumikaje?" Scola aliuliza.

"Tumbukiza kimoja kila gunia, funga mlango. Basi."

Karatasi ile haikuandikwa jina la dawa. Haikuandikwa onyo. Iliandikwa hesabu za mtoto wa shule, na alama ya kosa.

Kabla ya kupika chakula, Scola alitumbukiza vidonge. Akafunga chumba kwa ufunguo ili watoto wasiingie. Aliona amefanya jambo la maana. Kisha, kwa sababu ya upepo, alichukua matambara akaziba nafasi zote za madirisha, kama alivyofanya kila mwaka.

Asubuhi ya Jumatano Scola aliamka na kichwa kinachouma. Alijua ni uchovu. Leonidas hakumaliza uji wake.

"Mama, Bosi yuko wapi?"

"Ameenda kutembea. Kunywa uji."

"Sijisikii kunywa."

"Jenifa, mdogo wako akikataa uji, mpe chai. Simu hii hapa. Msitoke nje, upepo mkali. Nimechelewa!"

Akatoka mbio, akifunga kitambaa kichwani huku anatembea.

Saa nne alipiga simu nyumbani, kama alivyofanya kila siku. Jenifa alipokea. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, Leonidas ametapika mara mbili. Mimi pia kichwa kinaniuma."

Juu ya meza ya Scola kulikuwa na mafaili arobaini. Mkuu wake, mzee Gabriel, alikuwa amesimama mlangoni anasubiri moja.

"Ni baridi hiyo," Scola akasema. "Jifunikeni blanketi, mlale. Mlango ufungeni vizuri."

"Ndiyo mama."

Maneno hayo Scola anayakumbuka mpaka leo. Mlale. Mlango ufungeni vizuri.

Saa tano alipiga tena. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga mara ya pili. Ikaita mpaka ikakata. Mara ya tatu ilipokelewa, lakini sauti haikuwa ya Jenifa. Ilikuwa ya mwanaume, naye alikuwa anahema.

"Mama Jenifa? Ni mimi Shija wa maziwa. Njoo nyumbani."

"Kuna nini? Watoto wako wapi?"

"Nimewatoa nje. Nyumba yako inanuka, dada. Njoo sasa hivi."

Scola alisimama. Faili lilianguka, karatasi zikatawanyika chini. Mzee Gabriel alimtazama uso. Alisema neno moja tu:

"Nenda."

Pikipiki ilimfikisha baada ya dakika kumi. Uani palikuwa na watu. Jenifa alikuwa ameketi chini, ameegemea mti wa mparachichi, midomo haina rangi. Leonidas alikuwa amelala juu ya koti la Shija. Alikuwa anapumua haraka haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia.

Scola alipiga magoti. Alimwekea Leonidas mkono kifuani.

"Nilichelewa leo, ng'ombe alikuwa anazaa," Shija alisema. "Nikapiga hodi, kimya. Nikasikia mtu anakohoa. Nilipofungua mlango, harufu ikanipiga. Kama samaki aliyeoza. Kama vitunguu saumu. Nikawabeba."

"Wapeni maziwa!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Ni sumu hiyo! Maziwa yanaua sumu!"

Shija alikuwa tayari ameshafungua dumu lake. "Chukueni yote. Yote! Sitaki hela."

"Acha!"

Aliyesema ni Luciana, jirani wa nyumba ya tatu. Luciana ni bibi shamba, mtaalamu anayefundisha wakulima. Shija alikuwa amemtuma mtu amwite. Alikuja bila viatu.

"Usiwape maziwa. Usiwape chochote mdomoni. Scola, umeweka nini ndani?"

"Vidonge. Vya mahindi."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

Luciana alishika kichwa kwa mikono miwili.

Jirani mwingine alikuwa ametoka na ndoo ya maji. "Tukaoshe chumba, sumu itoke."

"Weka ndoo chini!" Luciana alisema. "Vidonge hivyo vikipata maji vinatoa gesi zaidi. Mtu yeyote asiingie. Shija, umeacha mlango wazi?"

"Wazi kabisa."

"Uache hivyo hivyo. Bajaji iko wapi? Hospitali, sasa hivi. Na ile karatasi ya dawa, Scola, iko wapi? Daktari lazima ajue."

"Haina jina, Luciana. Ni karatasi ya daftari."

Luciana alimtazama. Scola alielewa macho yale vizuri kuliko maneno yoyote.

Hospitalini waliwawekea watoto mipira ya hewa puani. Daktari alimwambia Scola ukweli, taratibu.

"Gesi hii haina dawa ya kuifuta mwilini. Tunawasaidia kupumua na tunaulinda moyo. Tutaangalia."

"Tutaangalia mpaka lini?"

"Kesho itatuambia."

Scola alikaa kwenye benchi, anatazama mkono wake wa kulia. Mkono huu ndio uliotumbukiza. Mkono huu ndio ulioziba madirisha. Kinywa hiki ndicho kilichosema mlale.

Loth alifika jioni kwa basi kutoka Laela, amejaa vumbi la shamba. Scola aliinama, akangoja kugombezwa.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, baba Jenifa."

Loth aliketi. Alipangusa vumbi usoni.

"Kule Laela nalala kwenye chumba chenye magunia tisa," alisema. "Nimeweka vidonge hivyo hivyo. Niliamka juzi natapika, nikasema ni togwa niliyokunywa. Na mimi ndiye niliyekwambia ununue."

Wote wawili walitazamana. Scola angeweza kuwapoteza watoto na mume ndani ya wiki moja, kwa sababu ya kulinda ugali.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, Leonidas alifungua macho akaomba maji. Daktari akaruhusu anywe kidogo. Kisha Leonidas akauliza:

"Bosi amerudi?"

Scola alimvutia blanketi mpaka kidevuni. Shija ndiye aliyekuwa amechungulia dirishani kwa nje. Bosi alikuwa amelala juu ya magunia kama kawaida yake. Lakini huo haukuwa usingizi. Scola alikuwa amemfungia humo bila kumwona.

Luciana alikuja kuwatazama, akakaa nao kitandani kwa Jenifa.

"Sikia, Scola. Vile si vidonge vya kawaida. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi. Gesi ndiyo inayomuua dumuzi. Dumuzi anapumua. Mtoto naye anapumua. Gesi haijui yupi ni yupi."

"Lakini nilifunga mlango."

"Ukuta wako unafika juu?"

Scola aliona ukuta ule akilini. Aliona nafasi iliyo wazi chini ya mabati. Akafunika uso.

"Na madirisha nikaziba," alisema.

"Dawa ile inatakiwa itumiwe na mtu aliyefundishwa, kwenye ghala ambamo mtu halali," Luciana alisema. "Usinunue dawa isiyo na jina na maelezo. Na watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika siku moja, usiseme baridi. Watoke nje kwanza. Maswali baadaye."

"Sasa dumuzi tuwafanyeje, mama?" Loth aliuliza. "Tuwaachie mahindi?"

Luciana alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Dumuzi tutamnyima hewa yeye, badala ya kuwanyima watoto."

Wataalamu wa kilimo walikuja na vifaa vya kufunika pua na mdomo. Walitoa magunia, wakaondoa mabaki ya vidonge. Wengine walimfuata Loth mpaka Laela, wakafanya vilevile. Nyumba ilikaa wazi siku nyingi, familia ikalala kwa Luciana. Mahindi yalianikwa juani juu ya turubai mpaka wataalamu waliporidhika kwamba yako salama.

Jumamosi moja Luciana alileta chupa kavu na chumvi kavu. Alitia mahindi ndani ya chupa, akatia chumvi, akafunga kizibo. Akampa Leonidas.

"Tikisa kwa nguvu. Sasa ngoja tuhesabu mpaka mia sita."

Walihesabu wote. Shija, aliyekuwa amesimama na baiskeli yake, alipotea kwenye mia mbili na kitu.

"Unahesabu ng'ombe, siyo?" Jenifa akamcheka.

Chumvi iliganda kwenye kioo cha chupa.

"Mahindi bado yana maji," Luciana alisema. "Yakihifadhiwa hivi yataoza. Anikeni tena siku mbili."

Baada ya siku mbili, chumvi haikuganda hata punje. Ndipo wakatia mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kila gunia lina mifuko miwili ya plastiki ndani. Walishindilia, wakakamua hewa yote, wakaufunga wa kwanza kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia lenyewe. Ndani hakukuwa na dawa. Dumuzi akibaki humo anamaliza hewa, anakufa. Loth alijenga kibanda cha matofali uani, chenye kufuli, akapanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Scola naye alibadili jambo moja. Yeye na wazazi wenzake watatu wa mtaa walipatana. Siku za likizo, watoto wote wanakaa kwa mtu mzima mmoja, kwa zamu. Zamu yake ni Jumamosi. Siku hiyo nyumba yake inakuwa na watoto tisa na kelele za soko.

Ikafika Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza, shule zimefungwa tena. Saa nne kamili, simu ya Scola iliita ofisini. Ilikuwa namba ya nyumbani.

Aliliacha faili wazi, akaichukua. Mzee Gabriel aliinua kichwa.

"Jenifa? Kuna nini?"

"Si Jenifa, ni mimi," Leonidas alisema. "Baba amefungua gunia la kwanza."

"Na wewe uko wapi?"

"Nje. Nimenusa kwanza kabla sijasogea." Siku hizi hunusa kila mlango kabla ya kuingia, hata wa kanisani. "Mama, hakuna dumuzi hata mmoja. Punje zote nzima."

"Na harufu?"

Scola alimsikia akivuta hewa ndefu puani. Alingoja.

"Yananuka mahindi, mama. Mahindi tu."